Mtamba wa Aliyeniokoa

Sogeeni. Mwenye mtoto amlaze, mwenye kunde za kuambua aambue huku anasikiliza, kwa sababu hadithi hii haimbembelezi mtu alale. Ina ugomvi, na ugomvi wenyewe haujakwisha. Na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza mpaka aulizwe.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nakiete, mkaza mwana wa Mzee Kajiru, huko milimani Upare kwenye mashamba ya tangawizi. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Si mdomo wa umbea. Mdomo wa kutaja kitu kwa jina lake. Mbuzi akifa, wengine walisema ni mapenzi ya Mungu. Nakiete alisema mbuzi kakosa majani, na akamtaja aliyekuwa zamu ya kukata.

Wa pili ni Hidaya, mtafiti katika hospitali iliyo bondeni. Kipaji chake kilikuwa kuhesabu. Mgonjwa akipona alimwandika, akifa alimwandika. Wenzake walipokuwa wanafunga jalada la marehemu, yeye ndipo alipolifungua.

Wa tatu ni Daktari Ngaiza, mpasuaji wa hospitali hiyohiyo. Kipaji chake kilikuwa mikono. Wauguzi walisema angeweza kushona ganda la yai na ute usivuje.

Halafu alikuwapo Mzee Kajiru mwenyewe, mwenye tumbo na mwenye mtamba. Naye alikuwa na kipaji: kikohozi. Akikohoa mara moja, nyumba nzima ilishusha sauti. Akikohoa mara mbili, watu walitoka nje. Kikumbukeni kikohozi hicho, maana kina kesi hapa.

Tuanze nyuma kidogo, miaka miwili kabla.

Nakiete alimkuta mama mkwe wake, Mama Elinaza, jikoni, ameinama juu ya kinu bila kutwanga. Tumbo lake limejaa. Nakiete aliligonga kwa kidole likalia kama ngoma. Yeye hakusomea udaktari, alisoma mpaka kidato cha nne tu, lakini ndama akivimba tumbo kwa kula majani yenye umande alijua la kuangalia kwanza: upepo unatoka au hautoki.

"Mama, umejamba lini?"

Mama Elinaza akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga. "Nyamaza, mwanangu. Baba yako yuko hapo."

Kweli alikuwapo, upande wa pili wa ukuta. Akakohoa. "Nyumba hii haizungumzi mambo ya matakoni," akasema. "Na mkaza mwana anajua mahali pake."

Nakiete akanyamaza.

Aliitwa mjuzi wa mizizi. Akasema ni chango. Mama Elinaza alikunywa chungu kizima cha dawa chungu, akatapika kijani. Siku ya nne ndipo aliposhushwa hospitali. Walipompasua, utumbo ulikuwa umejisokota na kuwa mweusi. Siku ya tatu baada ya kupasuliwa alizikwa nyuma ya migomba, na watu wakasema alikuwa mwanamke mwenye heshima sana, hakuwahi kusikika akitamka neno baya. Nakiete aliyasikia maneno hayo akiwa anasonga ugali wa matanga, na mwiko ukamvunjikia mkononi.

Wiki moja baadaye, ng'ombe wa marehemu, yule aliyepewa na kaka zake, akazaa ndama jike. Ng'ombe mwenyewe hakukaa, aliuzwa. Ndama akabaki. Nani aliyemlea? Si Mzee. Kila siku Nakiete alipanda na mzigo wa mabingobingo kichwani, umande unamchuruzika shingoni, akamlisha, akamfagilia, akamkanda kwato. Ndama akawa mtamba mwekundu mwenye kifua. Wapita njia walikuwa wanasimama. "Mzee Kajiru ana mtamba!" walisema. Nakiete alikuwa anasikia akiwa na samadi mpaka kwenye viwiko.

Sasa tuje kwenye tumbo la Mzee.

Alhamisi moja Nakiete alikuwa anaosha tangawizi karibu na njia iendayo chooni. Akamwona baba mkwe wake anapita, kopo la maji mkononi. Akarudi. Akapita tena. Mpaka jua linazama alikuwa amepita mara saba. Nakiete hakuhesabu safari, alihesabu kopo. Mara saba lilikwenda limejaa, mara saba likarudi limejaa.

Ijumaa, Elinaza mumewe alimpeleka Mzee zahanati. Kwa heshima alisimama nje ya mlango, maana mtoto hasikilizi habari za choo cha baba yake. Ndani tabibu aliuliza:

"Mzee, choo unakwenda?"

"Nakwenda sana," akajibu Mzee Kajiru, na hakusema uongo.

Tabibu akaandika: *Choo anakwenda. Msokoto wa tumbo.* Akampa vidonge vya msokoto na dawa ya minyoo. Jioni Nakiete aliisoma karatasi ile kwenye mwanga wa moto wa jikoni. Msokoto! Kila mtu mwenye tumbo la kukata huambiwa ana msokoto. Tabibu alikuwa amelipatia neno bila kujua amelipatia.

Jumamosi asubuhi Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha uani, hawezi kulala wala kusimama. Majirani wamekuja kumjulia hali. Wanaume sita kwenye benchi, wanawake mkekani. "Unaendeleaje, Mzee?" "Namshukuru Mungu." Tumbo limeinua shati mpaka vifungo viwili vimeachia.

Nakiete akatoka jikoni, akasimama mbele yake mahali ambapo mkaza mwana hasimami.

"Baba, umejamba lini mara ya mwisho?"

Benchi lote likatazama chini. Mwanamke mmoja akajifunika uso na kanga. Mzee Kajiru akakohoa.

"Kohoa," akasema Nakiete. "Kohoa tena, Baba. Mama naye ulimkoholea hivyohivyo, na yuko pale nyuma ya migomba."

"Mama Tuli, jamani," Elinaza akamnong'oneza mkewe. "Watu wanasikia."

"Wasikie! Jamani nini? Mara saba amekwenda na kopo, mara saba limerudi limejaa. Yeye ana aibu ya kusema, kopo halina. Baba, nakuuliza mbele ya watu kwa sababu faraghani utaninyamazisha. Lini?"

Mzee Kajiru akajivuta shati lifunike tumbo. Jasho likamtoka. Kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu akasema: "Jumatano."

"Na huko chooni kinatoka nini?"

"Hakitoki kitu."

"Machela!" Nakiete akapiga kelele. "Mmekaa kwenye benchi mnangoja nini, wali?"

Wanaume wanne wakambeba mpaka barabarani, wakampakia kwenye pikapu ya tangawizi, juu ya magunia. Hiyo ndiyo kazi ya Nakiete. Iwekeni upande mmoja.

Hospitalini ilikuwa saa sita mchana, siku ambayo madaktari wakubwa hawako. Nesi wa mapokezi alichukua karatasi ya zahanati, akasoma. "Choo anakwenda. Basi tutamlaza, tumwekee maji ya dripu, daktari atamwona Jumatatu."

"Amekwenda," akasema Nakiete, "lakini hakijatoka kitu. Na hajajamba tangu Jumatano."

Nesi aliposikia neno lile akainua macho kwenda ukutani. Hapo ukutani palikuwa na karatasi moja, imebandikwa kwa plasta ya vidonda. Na hapa ndipo anapoingia Hidaya.

Kwa miaka minne Hidaya alikuwa amewaandika wote waliopasuliwa kwa utumbo kuziba au kujisokota. Sitini na wawili. Aliandika walikuja siku ya ngapi, waliulizwa nini, walijibu nini, walikutwa na nini ndani. Siku ya thelathini alimfuata kila mmoja nyumbani kwake, kwa gari, kwa pikipiki, kwa miguu, kuona kama yu hai. Hodi zake zilijibiwa na mbwa. Alipokelewa na wajane. Mwisho akakaa na daftari akahesabu. Waliofika kabla ya siku ya nne walikuwa ishirini na wanne, wakafa wawili. Waliofika siku ya nne na kuendelea walikuwa thelathini na wanane, wakafa ishirini na mmoja. Mpasuaji ni yuleyule, chumba kilekile, uzi uleule.

Tena akaona jambo la kutia hasira. Wengi waliochelewa hawakuchelewa nyumbani. Walikuwa wameshapita zahanati, wameulizwa "choo unakwenda?", wamejibu "nakwenda", wakarudishwa na vidonge.

Kwa hiyo aliandika karatasi yenye maswali matatu. *Moja: amejamba lini mara ya mwisho? Mbili: alipokwenda choo, kilitoka kitu? Tatu: tumbo limevimba? Akiwa hajajamba siku nzima, na hakikutoka kitu, na limevimba, mpigie Daktari Ngaiza sasa hivi, hata kama ni sikukuu.*

Muuguzi mkuu aliikataa. "Neno hilo haliwezi kukaa ukutani mwa hospitali. Andika 'kutoa hewa'."

"Nilijaribu," Hidaya akasema. "Mzee mmoja nilimuuliza kama anatoa hewa. Akanivutia pumzi, akaitoa, akaniambia mapafu yake hayana neno."

"Andika 'ushuzi' basi, ni lugha ya vitabu."

"Wagonjwa wetu wanaumwa kwa lugha ya vitabu?"

Walivutana wiki tatu. Karatasi ilibanduliwa mara mbili, na mara mbili Hidaya akairudisha. Mara ya tatu ikabaki, na ndiyo iliyosomwa na nesi Jumamosi ile. Nesi hakungoja Jumatatu. Alimpeleka Mzee kwenye picha ya eksirei, na picha ikaonyesha utumbo umevimba na kujikunja kama mpira wa ndani wa baiskeli. Akapiga simu. Hiyo ndiyo kazi ya Hidaya. Nayo iwekeni upande wake.

Simu ilimkuta Daktari Ngaiza kwenye posa ya mdogo wake, amevaa kanzu nyeupe, sahani ya pilau ndiyo kwanza imefika. Akanawa mkono aliokuwa hajautia kwenye chakula. "Unakwenda wapi, msemaji wetu ni wewe!" wakamlalamikia. Akawajibu, "Mwambieni binti anapendwa. Maneno mengine nitakuja kuyasema nikirudi." Akaondoka.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji Mzee Kajiru aliushika mkono wa mwanawe. Watu wote waliokuwapo walisikia. "Nikitoka humu mzima, mtamba wangu ni wa aliyeniokoa. Nimeapa." Halafu akasukumwa ndani.

Sikieni alivyosema. Hakusema *walioniokoa*. Alisema *aliyeniokoa*. Mtu anayekufa haangalii umoja na wingi, lakini nadhiri ni nadhiri, na mtamba hagawanyiki mpaka awe nyama.

Ndani, Daktari Ngaiza alifungua tumbo akaukuta utumbo umezunguka mara moja na nusu, rangi ya zambarau. Akaufungua taratibu, kama mama anavyofungua kamba iliyokaza shingoni mwa mbuzi, maana ukivuta kwa pupa unapasuka na uchafu unamwagika. Akaufunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, akangoja. Sehemu kubwa ikarudi nyekundu. Kipande cha kiganja na nusu kilikataa. Akakikata, akaunganisha ncha na ncha, mshono juu ya mshono, saa tatu amesimama na njaa yake. Mshono ukiachia tundu dogo kama la sindano, mgonjwa anakufa siku ya tano. Haukuachia. Hiyo ndiyo kazi ya Daktari Ngaiza.

Siku ya tatu, wodi nzima ikiwa imetulia, Mzee Kajiru alijamba. Alijamba kwa sauti, kwa urefu, kama mtu anayeburuta meza. Wagonjwa wakapiga makofi. "Hongera, Mzee!" "Rudia!" Nesi akatazama saa akaandika. Nakiete hakucheka. Alibeba beseni akaenda kufua shuka.

Siku ya thelathini gari la hospitali lilipanda mlimani. Hidaya alikuja na mzani na daftari, kama ilivyo kawaida yake. Na Daktari Ngaiza alikuja naye, kwa sababu Mzee alikuwa ametuma salamu: "Njoo na kamba."

Nakiete alikuwa anatoka shambani na mzigo wa majani kichwani. Akakuta benchi limejaa tena, wanaume walewale sita. Mzee amevaa koti.

"Ndugu zangu," Mzee alikuwa anasema, "huyu ndiye mtu aliyeushika utumbo wangu kwa mikono yake. Nadhiri yangu nailipa. Elinaza, mfungue mtamba."

Nakiete aliutupa mzigo chini. Vumbi likapaa.

"Mtamba wa nani?"

Mzee akakohoa. Hakuna aliyeshusha sauti, maana aliyekuwa anasema ni Nakiete peke yake.

"Nauliza, mtamba anakwenda kwa nani? Kwa mtu ambaye angekukuta umekufa Jumatatu? Nani aliyekufungua mdomo, Baba? Ulikuwa unakufa kwenye kiti hicho ulichokalia, na hawa mashahidi wako wanakuuliza unaendeleaje!"

"Nakiete," Elinaza akasema.

"Usiniite. Wewe ulisimama nje ya mlango wa zahanati kwa adabu. Adabu yako ilitaka kumuua baba yako."

Daktari Ngaiza hakukasirika upesi, lakini alikasirika. "Mama, wewe ulimleta. Nakushukuru. Lakini nimeletewa watu wengi mapema na wakafa kwa sababu siku hiyo nilikuwa safarini. Ungemfikisha mlangoni kwangu saa ileile na mimi sipo, ungerudi na jeneza. Kuuliza si kushona."

"Na kushona si kufufua," Hidaya akasema kutoka kwenye mzani. "Samahani, daktari. Mikono yako ni ileile miaka minne. Iliwashona na wale ishirini na watatu waliokufa. Mikono haikubadilika. Kilichobadilika ni saa, na saa imebadilishwa na karatasi."

"Karatasi haishiki kisu, Hidaya."

"Wala kisu hakijipigii simu Jumamosi. Bila karatasi ungekula pilau yako ukashiba."

"Na karatasi ingesomwa na nani?" Nakiete akadakia. "Zahanati waliandika choo anakwenda. Ningenyamaza kama mlivyonifundisha kunyamaza, nesi asingeinua hata macho. Nyote mngesema ni mapenzi ya Mungu, na wewe dada ungemwandika wa sitini na tatu."

Mmoja wa wanaume wa benchi akataka kupatanisha. "Basi, mama, shukrani utapewa. Tutasema mbele ya kijiji."

"Shukrani hazikamuliwi," akasema Nakiete. "Mimi ndiye niliyemlea mtamba huyo. Watoto wangu wanakunywa chai ya rangi. Na tangu lini Baba akaapa kwa mnyama wa marehemu?"

Hapo Hidaya akauacha mzani. Akafunua daftari, kurasa za nyuma, akaweka kidole.

"Kuna jambo sikupaswa kulisema, kwa sababu maneno ya mgonjwa ni amana," akasema. "Lakini mkiligawa hili bila yeye, mtakuwa mmekosea. Namba arobaini na moja. Mama Elinaza."

Benchi lote likasogea karibu.

"Nilikaa naye kabla hajaingizwa kupasuliwa. Nilimuuliza kama anakubali habari zake ziandikwe, zije zisaidie wengine. Alikuwa anaumwa, lakini akili timamu. Akaniambia: 'Andika, binti. Hapo mapokezi waliniuliza choo unakwenda, nikasema nakwenda. Nakwenda, sikusema narudi na nafuu. Msiwaulize watu hivyo. Waulizeni kama wanajamba, kwa neno hilohilo, kwa sauti. Mkaza mwana wangu aliniuliza nikamziba mdomo. Angenitukana kidogo, ningesema.'" Hidaya akafunga daftari. "Swali la kwanza kwenye karatasi si langu. Nililipata kwake. Mpaka namba arobaini mimi nilikuwa nahesabu tu, sijui naitafuta nini."

Nakiete alikaa chini juu ya mzigo wa majani. Mnaweza kudhani alilia. Hakulia. Alichomoa jani moja akalichanachana.

"Miaka miwili," akasema, "una maneno ya mama kwenye daftari, na mimi nafagia zizi nikidhani nilimuua kwa kunyamaza. Ulishindwa kupanda mlima huu?"

"Nilipanda siku ya thelathini. Mzee alinipokea mlangoni. Aliniambia marehemu haulizwi."

Watu wote wakamgeukia Mzee Kajiru. Na Mzee, ambaye uso wake ulikuwa umeporomoka, akaanza kuuinua pole pole, kama mtu aliyeona upenyo kwenye ua.

"Basi neno limekwisha," akasema. "Mwenyezi Mungu amelimaliza. Kumbe aliyeniokoa ni mke wangu. Swali ni lake, mtamba ni wa ng'ombe wake. Daktari, unisamehe, binti, unisamehe. Mtamba ni wa marehemu." Akajifuta kinywa. "Na mali ya mke wangu iko zizini mwangu, mahali pake. Elinaza, mwache alipo."

Daktari Ngaiza akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kamba aliyokuja nayo akaikunja. Wanaume wa benchi wakaanza kutikisa vichwa kwamba Mzee ana busara.

Nakiete akainuka. Akapita katikati yao, akaingia zizini, akatoka na mtamba. Hakumpeleka popote. Akasimama naye katikati ya uwanja, kamba imezungushwa mara mbili kwenye ngumi.

"Ulimkoholea akiwa hai," akamwambia baba mkwe wake, "na leo unataka kurithi deni analokudai. Hapana. Umeapa mwenyewe, hukulazimishwa. Nadhiri isiyolipwa inaijua njia ya tumbo. Mtamba huyu hali jani mpaka jina la mtu mmoja litajwe, na asiwe wewe."

Mzee Kajiru akakohoa mara mbili. Hakuna aliyetoka nje.

Hapo ndipo walipo mpaka sasa. Mzigo wa majani uko chini, mtamba anaunyooshea shingo haufikii. Nakiete aliuliza, na asingeuliza, Mzee angekufa kwenye kiti amezungukwa na salamu. Hidaya alihesabu, na asingehesabu, Mzee angekufa Jumapili akiwa na dripu, anangoja Jumatatu. Ngaiza alishona, na asingeshona, angekufa na picha nzuri ya utumbo wake. Na mwanamke aliye nyuma ya migomba alilitamka neno mara moja tu maishani, halikumfaa yeye, likamfaa aliyemkataza kulitamka. Mkimpa huyo, mtamba anarudi kwa Mzee. Mkimnyima, mtakuwa mmemnyamazisha kwa mara ya pili.

Sasa mezeni mate, mjibu. Kamba ingekuwa mkononi mwako wewe, ungeikabidhi kwa nani? Mtaje kwa jina, kwa sauti, mbele ya watu. Na atakayeanza kwa kukohoa tutajua yuko upande wa nani.